Jibu: Mbwa wangu anaruka uzio kuwafuata mbwamwitu

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini haski wako dume (mbwa wa aina inayovuta sleji kwenye theluji) huruka uzio kila mbwamwitu wanapolia usiku huko kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, na kama ni salama kumwacha aende. Tafadhali usimwache. Angalia kwanza kama amehasiwa, kwa sababu jike la mbwamwitu huwa kwenye joto (yaani tayari kupandwa) mara moja tu kwa mwaka, hasa karibu na Februari, na dume asiyehasiwa huvutwa na harufu yake. Wanaweza hata kuzaana, lakini kundi linalolinda eneo lake humuua mbwa mgeni, naye haski wa kilo 25 hawezi kushindana na mbwamwitu wa kilo 40.

Wa kwangu nilimhasi, nikawa namlaza ndani tangu jua linapozama. Hamu ilipungua polepole, maana homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Hakikisha pia chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, na usiache chakula nje. Kama tayari amehasiwa, nitajie umri wake na kimo cha uzio, kwa kuwa hukuvitaja.