Jibu: Jimny ya 1.5 itaweza milimani?

Mkuu, umeuliza kama Suzuki Jimny, lile gari dogo la 4x4, ya milango mitatu, toleo la 2018 lenye injini ya 1.5, itamudu njia za milimani au itakufia kwenye kila kilima. Itamudu, ila usitegemee mbio. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), kama hii, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inazidi kuwa nyepesi. Ukiwa mita 3,000 juu, kulipita lori kwenye mwinuko ni kazi ya subira.

Utaipenda kwenye njia mbovu. Haifiki kilo 1,200, na wembamba wake unakupitisha pale ambapo magari makubwa yanarudi kinyumenyume.

Kwangu mimi, mtihani hasa ni kuteremka. Simama kabisa, weka gia huru, hamisha kile kijiti kidogo kutoka 4H (magurudumu yote manne, mwendo wa kawaida) hadi 4L (yote manne, mwendo wa taratibu wenye nguvu), kisha shuka na gia ya kwanza. Acha injini ikushike, breki iguse kidogo tu. Wanaoshuka kwa breki tupu utawanusa kabla hujawaona.

Ukirudi kwenye lami kavu, weka 2H (magurudumu mawili tu yanaendesha). Gari hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukikata kona kwenye 4H magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana, usukani unakuwa mzito na gia zinaumia bure.

Buti? Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, hesabu kwamba hakuna. Kama mko wanne, tafuta ya milango mitano.