Usizidi tani 7: ni gari au ni mzigo?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa. Pamoja na wenzangu tunaingiza barabara za mji wetu katika OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuichangia. Tunaandika mwongozo wa Kiswahili wa kuwaonyesha wachangiaji wapya namna ya kunakili vibao vya mwendo na vya uzito. Mmoja wetu ameandika "kasi ya barabara", mwingine "spidi ya mwisho", na kwenye uzito tumeandika "usizidi tani 7". Je, tuko sawa?

JIBU: Nianze na uzito, maana hapo ndipo kauli isiyokaa vizuri yaweza kumponza dereva.

Mtu wa Mombasa akisema "lori la tani saba", anataja mzigo: ni lori la kubeba tani saba. Hamali wa soko la Kongowea na wenye malori ya mchanga wote husema hivyo, na hawajakosea; ndivyo neno lilivyozoeleka katika biashara ya uchukuzi. Kibao cha darajani hakihesabu hivyo. Chenyewe kinajumlisha gari, mafuta, watu na mzigo, na nafasi ya maxweight katika ramani yenu, yaani pale panapojazwa kikomo cha uzito, inataka hesabu hiyo hiyo, kwa tani. Sasa lori la tani saba, hata likiwa tupu, lina tani zake kadhaa. Likijaa, limeshapita saba kwa mbali. Dereva anayesoma "tani 7" kwenye simu ataona njia ni yake, kumbe daraja halikumruhusu.

Kosa lenu basi si la msamiati. Ni kuacha kiima. Tazameni hiyo "u" ya "usizidi": yaweza kuwa ya uzito, yaweza kuwa ya mzigo, yaweza kuwa ya mwendo, na yaweza kuwa ya wewe msomaji unayekatazwa. Majina matatu ya ngeli mbili tofauti pamoja na nafsi ya pili, yote yanakutana katika herufi moja. Kwenye kibao penye mchoro, jicho humaliza utata. Kwenye mwongozo unaosomwa na mtu asiyekiona kibao, hakuna cha kumsaidia. Andikeni kwa ukamilifu: "Uzito wa gari pamoja na mzigo wake usizidi tani 7." Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna lililo la ziada.

Mkifika kwenye vikomo vya ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya pande mbili, tajeni ekseli kwa jina, wala msiseme "uzito" peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori zima lifike tani 56, ilhali ekseli moja ya usukani haipaswi kupita tani 8. Kwa hiyo lori linalotoka bandarini laweza kuwa halali kwa jumla yake, kisha likanaswa kwenye mizani ya Mariakani kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja. Ramani ina nafasi mbili kwa mambo haya mawili. Nanyi muwe na kauli mbili.

Kuhusu mwendo, "kasi ya barabara" siipendi hata kidogo. Anayesoma hivyo ataandika jinsi magari yanavyopita hapo, na kila mtu anajua matatu hupitaje Nyali pakiwa peupe. Kinachotakiwa ni kile sheria inachoruhusu. "Spidi" inaeleweka kila kona, na kwa mazungumzo haina ila. Kwa maandishi ningechagua "kikomo cha mwendo". Tangu kanuni za matatu za miaka ya 2003 na 2004, vyombo vya habari vya Kenya vimezoea kusema "kidhibiti mwendo" kwa kile kifaa cha kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa, basi "kikomo cha mwendo" kinakaa naye kama ndugu. "Kikomo cha kasi" nacho si kosa, ila "kasi" hubeba pia maana ya kwenda mbio, na kibao cha 30 karibu na shule hakimwambii mtu aende mbio.

Jambo jingine, ambalo hamkuliuliza lakini limo katika rasimu mliyoniletea: mmechanganya "usizidi" na "usiozidi". "Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa" ni agizo, na sentensi imekamilika. "Mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa" ni maelezo yanayongoja kitenzi. Msomaji anabaki akijiuliza, ndiyo, umefanya nini? Tena msiandike "chini ya kilomita 50", kwa kuwa hapo hamsini yenyewe imeachwa nje, na sheria inairuhusu.

Hiyo hamsini ina habari yake. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaiweka kuwa kikomo ndani ya miji, hata pasipo na kibao. Kwa hiyo mwongozo utenganishe "kikomo kilichoandikwa kwenye kibao" na "kikomo cha sheria pasipo kibao". Mchangiaji aliyesimama Mwembe Tayari asione kibao, asidhani hapana kikomo, wala asijitungie nambari kwa kutazama tuktuk zinavyokwenda.

Vipimo navyo viwe vya kawaida: "kilomita 50 kwa saa" ndani ya sentensi, na 50 tupu katika nafasi ya ramani, ambayo huichukua nambari isiyo na kipimo kuwa ni kilomita kwa saa. Tani tatu na nusu katika maelezo iandikwe hivyo hivyo inavyotamkwa. Katika nafasi ya ramani iwe 3.5, kwa nukta, si kwa mkato.