Nianze na kozi gani ya kompyuta?

SWALI: Shikamoo kaka, niko kidato cha tano PCM, chuo nataka sayansi ya kompyuta. Likizo hii nianze CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, au ile ya Python tu (lugha ya kuandikia programu)?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama hujawahi kuandika kodi hata mstari mmoja anza na CS50P, ile ya Python, maana CS50 yenyewe inaanza na Scratch kidogo (unapanga vipande vya amri kama picha) alafu inakutupa kwenye C, lugha ngumu zaidi, na ukifika kwenye pointa na memori (anwani za mahali data inapokaa ndani ya kompyuta) ni rahisi sana kukata tamaa, Python inakuja wiki ya 6 huko. Zote bure kusoma. Ila usiishie kuangalia video tu, fanya mazoezi yote hata moja likikula siku tatu, hapo ndo unajifunza kweli. Bando likisumbua, daunlodi video ukipata waifai.