Usizitupe hizo kompyuta kuukuu za Core 2 Duo za chuo

Mkuu usiziuze skrepa kwa sababu tu Windows 11 inazikataa, hiyo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya ila Linux, mfumo unaoweka badala ya Windows, haina habari na hayo mambo. Angalia LTSP (Linux Terminal Server Project, programu ya kuwasha kompyuta nyingi kutoka seva moja), ipo tangu 1999 na ni ya bure, unatafuta mashine moja yenye nguvu inakua seva alafu hizo kuukuu zinawaka kupitia netiweki, unaingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) unaweka PXE, yaani kuwaka kupitia netiweki, iwe ya kwanza basi, hata kama hadidiski imekufa inawaka tu coz mfumo wote unatoka kwa seva. Raha yake ni kwamba programu unaweka mara moja kwenye seva na darasa zima linaipata, na faili za mwanafunzi anazikuta kompyuta yoyote atakayokaa.

Pesa weka kwenye netiweki, swichi ya gigabiti na kebo nzuri, maana wakiwasha wote saa mbili asubuhi hapo ndo utajua kama netiweki inahimili. RAM hizo za 1GB zipandishe angalau 2GB, RAM za DDR2 za kuchomoa mashine mbovu zipo tele kariakoo, na kwa muonekano wa desktop weka Xfce ambayo ni nyepesi, usiweke GNOME. Ukiona saa inarudi nyuma na BIOS inasahau mpangilio badilisha kile kibetri CR2032 tu, fundi asikwambie ni mazabodi.

Kompyuta za Pentium 4, za zamani zaidi, kama zipo achana nazo, zinakula umeme sana na luku mnaijua wenyewe. Na seva muiwekee UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) jamani, ikizimika ghafla darasa zima linakwama na kazi ambazo hawajasevu zinapotea.