Kwa wainjilisti wapya, kabla hamjachoma usharika mzima

Vijana wangu, nimemsikia mmoja wenu akihubiri Warumi 1:18, juu ya ghadhabu ya Mungu. Moto ulikuwa mwingi mpaka mama aliyekaa mbele yangu akamziba mtoto masikio. Baada ya ibada kijana akanijia anatabasamu: "Baba, umeona watu walivyojitokeza?" Nimeona. Ni walewale waliojitokeza Pasaka.

Basi chukueni haya.

1. Ungamo la dhambi la Jumapili mnalisoma mbio ili mpate muda wa matangazo. Acheni kimya kidogo, mtu ataje lake moyoni.

2. Ghadhabu ya Mungu ina anwani. Mstari ule unataja uasi na uovu wa wanadamu "waipingao kweli kwa uovu". Hili nililijua vizuri kwenye Biblia, nikalikosea vibaya mtaani. Nilipokuwa mgeni katika mtaa mmoja wa usharika huko Uchagani, alikuwepo mzee mwenye kihamba kikubwa, yaani shamba la migomba la nyumbani. Nikihubiri hukumu, yeye ndiye wa kwanza mbele, analia mpaka kola inalowa. Nilimsifu hadharani. Jirani yake alikuwa mjane, na mtaa mzima ulijua masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yalihama usiku, migomba kadhaa ya mjane ikabaki upande wa mzee. Nami nilijua. Nilipita pale alfajiri nikienda sala za jumuiya, nikayaona masale machanga kwenye udongo mbichi. Lakini mzee ndiye aliyenunua mbuzi kwenye mnada wa mavuno, na ndizi za jikoni kwangu zilitoka kwake. Nikija kufikiri, pengine kwenye migomba ileile. Kwa hiyo nikahubiri ghadhabu kwa jumla, rejareja sikugusa.

Siku moja mjane akaniuliza, "Mwinjilisti, huyu Mungu anayemliza jirani yangu kila Jumapili, anamdai nini hasa?" Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Tumwombee, mama." Sentensi hiyo inaniuma mpaka leo. Nilimwogopa mzee kuliko Mungu niliyekuwa nawatishia watu kwa jina lake.

Nilikwenda kwa kuchelewa. Nilipotaja mpaka, chozi halikutoka hata tone. Alifoka, akapeleka sadaka yake mtaa wa pili. Msimu uliofuata ndipo alipomwendea mjane na jani la sale mkononi, kama wazee wetu walivyofanya mtu akiomba kusamehewa. Mpaka ukarudi. Migomba aliyokwisha kukata akailipa kwa mikungu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne. Mzee wetu alibishana mpaka ikawa mara moja. Tulipokea.

3. Mvua ikibomoa nyumba ya mtu, shika jembe na ufunge mdomo. Yesu aliulizia wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, kisha akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi.

4. Kila siku ni kila siku. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther mwaka 1517 ni kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba, na Katekisimu Ndogo yake ya 1529, kitabu cha mafundisho ya imani, inataka Adamu wa kale, yaani utu wetu wa dhambi, azamishwe kila siku kwa majuto na toba. Mlikariri hayo kipaimara, au mlikariri ili mchungaji awapitishe? Ila msiwafundishe watu kuokoka upya kila jioni. Warumi 5:9 inasema tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye, Kristo. Anayetubu jioni anatubu akiwa mwana. Na mnapokimbilia Warumi 2:5, ile akiba ya hasira, mbona mstari wa 4 mnauruka? Hapo ni wema wa Mungu unaomvuta mtu atubu. Someni yote miwili kwa pumzi moja.

5. Watoto wa kipaimara wakaririshwe Zaburi 51, ile ya toba. Picha za jehanamu wanazo za kutosha.

6. Lenu wenyewe. Kabla ya kulala, taja kosa moja la siku hiyo na jina la uliyemkosea. Yale maneno ya ungamo, "mawazo, maneno na matendo", peke yake ni mahali pa kujificha. Nilijificha humo miaka. Na Waefeso 4:26 inataka jua lisichwe uchungu ungali moyoni. Yule kati yenu asiyesemezana na mzee wa kanisa wa hapa kwetu tangu mnada wetu, najua ni nani. Mazoezi ya kwaya leo ni saa kumi, na mzee huwa anawahi kufungua mlango.