Mwalimu wa farasi kwa mwenye hofu: mtazame akifundisha kabla ya kumlipa

Swali la wiki lilitoka kwa msomaji wa Nakuru: anatamani kujifunza kupanda farasi, lakini akimkaribia tu miguu inalegea. Atamjuaje mwalimu atakayemfaa? Wengi watamwambia ajikaze. Ushauri huo haumsaidii, na mwalimu anayeutoa hamfai.

Hofu ya mpandaji haikai kichwani tu. Imo mwilini, na farasi anaipata kupitia tandiko. Mtu akiogopa huzuia pumzi, huinama mbele, magoti hubana, visigino hupanda na mikono huvuta hatamu. Sasa fikiria farasi anaambiwa nini: miguu inayombana mbavu inamwambia aende, lijamu, chuma kinachokaa mdomoni mwake, ikivutwa inamwambia asimame. Anachanganyikiwa, anainua kichwa, anaharakisha hatua au anaanza kuzungukazunguka. Aliye juu anaona amepewa farasi mkorofi, basi anabana zaidi. Na kwa kuwa ameinama, farasi akisita ghafla yeye anatangulia shingoni.

Mwalimu unayemtafuta ni yule anayeuona mfuatano huu na kujua aukatie wapi. Anayesimama katikati ya uwanja akipaza sauti "Visigino chini! Tulia!" anataja dalili tu, na kisigino hakishuki huku goti likiwa limekaza. Anayeijua kazi ataanza na pumzi. Atakuambia uhesabu kwa sauti hatua za farasi, moja hadi nne, kwa sababu farasi akitembea kila mguu hugusa ardhi kwa zamu yake. Huwezi kuhesabu kwa sauti na kuzuia pumzi kwa wakati mmoja. Pumzi ikitoka, makalio yanatua kwenye tandiko, goti linaachia, na kisigino kinashuka chenyewe bila kuamrishwa. Ukimwona mwalimu akifanya hivyo na mwanafunzi mwingine, mwandike jina.

Ndiyo maana usichague mwalimu kwa simu, wala kwa picha za mtandaoni. Omba kwenda kutazama somo la mtu mwingine anayeanza, ukiwa umesimama nje ya uzio. Akikataa bila sababu ya maana, tafuta mwingine. Akikubali, fika nusu saa mapema, maana mambo makubwa hutokea kabla mtu hajapanda.

Mtazame kwanza anavyomchagua farasi. Hapa ndipo mwalimu mwema na mwenye haraka wanapoachana. Kaunti ya Nakuru ina farasi, lakini si kila farasi ni wa mwenye hofu. Upande wa Gilgil polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ukiwa juu ya farasi, huchezwa, na farasi wa polo amefunzwa kugeuka na kusimama papo hapo kwa ishara ndogo sana ya mguu au ya hatamu. Ukimbana kwa woga, ataitikia kabla hujajua umesema nini. Wapo pia farasi waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi. Hao wamezoea kuegemea lijamu wanapokimbia, kwa hivyo anayevuta hatamu mfululizo ili kuwapunguza mwendo anaweza kuwaongezea kasi. Si wanyama wabaya, na wengine hutulia sana wakifunzwa upya, ila wa kwanza kwako awe mzee kidogo, mvivu kidogo, asiyeshtuka, na asiwe mrefu mno. Muulize mwalimu moja kwa moja: "Utanipa farasi yupi, na kwa nini huyo?" Jibu zuri lina jina, umri, kazi aliyofanya zamani na kasoro moja au mbili. "Wote ni wapole" si jibu. Akikuuliza uzito wako usichukie: kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 90 kwa farasi wa kilo 450.

Kisha angalia mkono wake kwenye mshipi wa tumboni, ule unaoshikilia tandiko. Unakazwa taratibu kabla ya kupanda, halafu unakaguliwa tena baada ya dakika chache za kutembea. Farasi wengi hutunisha kifua wanapofungwa, na tandiko hukaa chini zaidi likishapata mtu. Mwalimu anayesahau ukaguzi wa pili anakuachia tandiko linaloweza kuteleza ubavuni. Vikuku vya miguu, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, navyo viwe vipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 hadi 2.5: vikibana, mguu hunasa ukianguka, vikilegea mno, mguu wote hupenya. Vaa kiatu chenye kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Raba hazina kisigino cha kuuzuia mguu usipenye, na gambuti pana zinaweza kunasa.

Helmeti iwe ya farasi. Ya bodaboda ni nzito kwa shingo na inaziba masikio, nawe unahitaji kumsikia mwalimu. Ikae sawasawa juu ya nyusi, isicheze ukitikisa kichwa kabla kamba ya kidevu haijafungwa. Iliyowahi kuangukiwa nayo haifai hata kama nje inang'aa, kwani povu la ndani likishabonyea halirudi. Banda linalokuambia leo unaweza kupanda bila helmeti kwa sababu "ni kutembea tu" liache hapo hapo.

Masomo ya mwanzo ya mwenye hofu yawe ya mtu mmoja, kwenye kamba ndefu. Mwalimu anasimama katikati, ameshika kamba ya mita 7 au 8, farasi anamzunguka, na wewe huna kazi ya kuongoza. Hatamu zinafungwa fundo shingoni, unashika ukanda wa shingoni au upembe wa mbele wa tandiko, na akili yote inabaki kwenye mwili wako. Duara la kipenyo cha mita 15 hivi linatosha. Likiwa dogo zaidi farasi hulalia ndani na wewe unahisi unamwagika. Mwalimu abadilishe upande kila baada ya dakika chache. Mtazame vidole: kamba ya ziada anaikunja mkononi kwa mikunjo inayoachia, haizungushi kwenye kiganja. Farasi akishtuka, kamba iliyozungushwa inaweza kuvunja au kukata vidole, na mwalimu aliyeumia hawezi kukusaidia. Mwenye simu sikioni huku ameshika kamba hiyo, usirudi kwake.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa siku. Mwili wenye woga huchoka haraka, na ukichoka unaanza tena kubana. Kutembea, kusimama, kutembea tena, kuzungusha mabega, kuachia vikuku na kuvitafuta bila kutazama chini, kushuka vizuri: hilo ni somo kamili. Troti, mwendo wa mchakamchaka, inakuja mtu anapoweza kukaa akizungumza kawaida. Mwalimu anayekukimbiza kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, katika somo la pili ili "hofu iishe" anacheza na shingo yako. Vilevile matembezi ya kundi kati ya pundamilia na twiga huko Naivasha yasiwe mwanzo wako. Farasi wa mbele akishtuka, wa nyuma hufuata, na mwalimu hawezi kushika hatamu za watu sita.

Muulize pia: "Nikisema inatosha, utafanya nini?" Jibu unalolitaka ni kwamba farasi anasimamishwa kwanza, maswali baadaye. Wengi wenye hofu huona haya kulisema neno hilo, basi mpatane mapema kuhusu ishara, hata ya kuinua mkono. Na mpatane lugha. Kama Kiswahili ndicho kinachokuingia haraka, omba maagizo mafupi ya Kiswahili. Mtu aliyeshikwa na woga hana nafasi ya kutafsiri.

Kuhusu vyeti: vya British Horse Society, chama cha farasi cha Uingereza, au vya chama kingine kinachotambulika ni vizuri, uliza uvione. Lakini katika mabanda yetu kuna saisi, yaani mtunza farasi, aliyeishi na farasi miaka mingi, anayejua yupi anachukia mwavuli na yupi anaumwa mgongo, na baadhi yao hufundisha kwa utulivu ambao cheti hakiuleti. Usimdharau. Kinachopaswa kuwapo kwa yeyote ni sanduku la huduma ya kwanza, gari au namba ya gari la dharura, na mtu wa pili karibu na uwanja. Nawe umwambie ukweli: kifafa, ujauzito, mgongo, dawa zinazoleta usingizi, na kama umewahi kuanguka. Uhakikishe pia chanjo ya pepopunda iko hai, kwa kuwa vijidudu vyake hupatikana kwenye kinyesi cha farasi na udongo wa mabanda.

Panga masomo asubuhi. Alasiri mvua hunyesha mara nyingi msimu wa masika, na upepo wa Naivasha hupiga nailoni za vibanda vya maua zikapasua kelele, jambo linalowashtua hata farasi wapole.

Lipa somo moja moja mwanzoni, hata ukipewa punguzo la masomo 10. Baada ya masomo matatu au manne jiulize mambo mawili tu: je, usingizi wa usiku wa kuamkia somo umepungua au umeongezeka, na je, unaweza kueleza kwa maneno yako kile ulichokifanya juu ya farasi? Ukiwa bado unatetemeka lakini unaelewa zaidi kila mara, baki naye. Ukiwa unatoka kila siku umefokewa na hujui kosa lilikuwa wapi, mlipe anachodai, mshukuru, na uende banda la pili ukasimame tena nje ya uzio.