Collusion kwenye masharti ya tenda

Ndugu, hiyo collusion uliyoikuta kwenye dosie (jalada la hati) ya tenda hapo Bukavu haihusu magari kugongana. Hiyo ni collision. Collusion ni Kifaransa chenye asili ya Kilatini, colludere: com-, pamoja, na ludere, kucheza. Yaani watu wanaojifanya wapinzani wamekwisha kupatana chinichini ili wamdanganye wa tatu. Kwetu tunasema kula njama, ingawa njama ni pana: hata wezi wa genge moja huila. Ukifungua bahasha za waombaji, tazama dalili zake: makosa yaleyale ya hesabu, bei zinazopishana kwa asilimia ileile kila mstari, au, baadaye, aliyeshindwa kupewa sehemu ya kazi na mshindi. Kampuni mbili kuomba pamoja waziwazi, groupement, hazina kosa.